Sigara iliyokurudisha uliivuta saa ngapi?

Mtu aliyejaribu kuacha sigara akarudi, ukimuuliza kulikoni, mara nyingi atakujibu: "Sina moyo." Jibu hilo hufunga mazungumzo bila kutatua kitu, maana moyo hauuzwi duka la dawa. Swali lenye faida ni dogo zaidi. Ile sigara iliyokurudisha, uliivuta saa ngapi? Ilikuwa siku ile ile ya kwanza, hata mchana haujafika? Ilikuwa wiki ya tatu, umekaa kwenye foleni ya magari? Au ilikuwa mwezi wa nane, kwenye harusi ya rafiki? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kwa hiyo hapa chini tunakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako uanzie hapo, nyingine zisubiri.

Siku ya kwanza haiishi

Umeamka umeazimia. Kufika saa nne asubuhi umeshawafokea watu wawili, unasoma mstari mmoja mara tatu hauingii kichwani, na kabla ya chakula cha mchana umeshawasha. Mchezo huu umeurudia, na bado hujawahi kulala usiku mmoja bila kuvuta.

Hapo anayekusumbua ni nikotini. Moshi ukishaingia mapafuni, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imeshatoka kwenye damu. Ubongo wa mvutaji wa miaka umejizoesha kuletewa dozi hiyo kutwa nzima, ikikatwa, unadai. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa nikotini, huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki 2 hadi 4. Anayerudi siku ya kwanza basi hajafika hata kwenye sehemu ngumu. Halisemwi hili kumkatisha tamaa. Anahitaji kujua kwamba amejipanga kidogo kuliko kazi yenyewe.

Kipimo chake ni rahisi: tangu unafumbua macho hadi sigara ya kwanza hupita muda gani? Ukivuta ndani ya dakika 30 za kuamka, uraibu wako ni mzito, hata kama kwa siku huvuti nyingi. Idadi inaweza kudanganya. Mtu wa sigara saba anayevuta kwa nguvu mpaka moto unagusa kichungi anaweza kupata nikotini nyingi kumshinda wa kumi anayezitupa nusu.

Wewe wa kundi hili usijaribu tena mikono mitupu. Kati ya watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ni kama 3 hadi 5 tu ambao baada ya miezi 6 hadi 12 bado hawavuti. Matibabu yapo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuwaachisha watu wazima tumbaku, na dawa zilizopendekezwa ni nikotini mbadala, varenikilini, bupropioni na sitisini, zikienda pamoja na ushauri wa mtaalamu. Nikotini mbadala ni plasta ya kubandika, jojo, au vidonge vya kumung'unya: unaupa mwili nikotini bila moshi, kisha unaipunguza kidogo kidogo. Varenikilini hukaa kwenye vile vipokezi vya ubongo ambavyo nikotini huvitafuta, ikatuliza hamu na kuifanya sigara isinoge. Kwa kawaida huanzwa wiki 1 hadi 2 kabla ya siku ya kuacha, kwa hiyo ukiitaka usisubiri mpaka siku yenyewe ndipo uende kwa daktari. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, na mwenye ugonjwa wa moyo uliomshika karibuni, waanzie kwa daktari kabla ya kununua chochote.

Nilitumia plasta na jojo, hazikufanya kazi

Lalamiko hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu mara nyingi dawa yenyewe ni nzima, tatizo likawa kwenye matumizi.

Anza na jojo. Mtu huitia mdomoni akaitafuna kama pipi ya kawaida, tafu tafu tafu, anameza mate, koo linawaka, kwikwi inamshika, tumbo linachafuka, na hamu iko pale pale. Basi anasema jojo ni utapeli. Nikotini ya jojo huingia mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukiimeza na mate, nyingi inapotea njiani na kilichobaki kinakukera tumbo. Namna yake ni hii: tafuna polepole mpaka uhisi ukali wa pilipili au kama kuchonyota, halafu acha kutafuna. Isukume kati ya shavu na fizi, iache hapo kama dakika moja mpaka ukali uishe, utafune tena kidogo, uihamishie upande wa pili. Jojo moja inakwenda hivyo kwa nusu saa. Kahawa, juisi na soda huufanya mdomo uwe na asidi, na kwenye asidi nikotini haipenyi vizuri, kwa hiyo usile wala usinywe chochote isipokuwa maji dakika 15 kabla, wala wakati jojo iko mdomoni. Mtu mwenye kikombe cha kahawa mkono mmoja na jojo ya nikotini shavuni anapoteza hela.

Pili, kipimo. Jojo zipo za miligramu 2 na za miligramu 4. Anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka ni wa 4. Plasta zinazokaa saa 24 huja za 21, 14 na 7, na mvutaji wa zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanzia 21. Wengi huanzia chini wakidhani wanajihurumia, kumbe wanajiongezea arosto.

Tatu, kutumia kimoja wakati kinachohitajika ni viwili. Plasta hutoa nikotini taratibu kutwa nzima, kwa hiyo inashusha kiwango cha arosto lakini haiwezi kukimbilia hamu inayozuka ghafla baada ya ugomvi. Jojo inaweza. Plasta kwa siku nzima na jojo kwa dharura hufaulisha watu wengi kuliko kimojawapo peke yake, na hilo limepimwa mara nyingi.

Nne, kuacha dawa mapema. Wiki ya pili mtu anajisikia vizuri, anabandua plasta, wiki ya tatu amerudi. Kujisikia vizuri kule kulitoka kwenye plasta. Dozi kamili huchukua wiki 8 hadi 12, na wapo wanaohitaji zaidi. Hofu ya "nisije nikawa mraibu wa plasta" imewarudisha wengi kwenye sigara, wakati kinachoua mvutaji hasa ni lami, kaboni monoksaidi na kemikali nyingine za moshi wa tumbaku inayoungua. Nikotini ndiyo inayokufunga kwenye moshi huo, lakini hatari ya plasta haikaribii ya sigara.

Ngozi ikiwasha chini ya plasta, badilisha mahali kila siku: bega hili leo, kesho lile, keshokutwa kiuno. Ndoto za ajabu zikizidi, bandua kabla ya kulala. Varenikilini ikikutia kichefuchefu, imeze baada ya kula, na glasi nzima ya maji. Ikiendelea, daktari anaweza kushusha kipimo.

Silali, natetemeka, moyo unadunda

Sehemu ya hali hii ni arosto. Sehemu nyingine, ambayo watu wengi hawaambiwi, ni kafeini, ile ya kwenye kahawa na chai.

Moshi wa sigara huchochea ini kuivunja kafeini haraka. Ni moshi unaofanya hivyo, si nikotini, kwa hiyo hata ukiwa na plasta uchochezi huo unakatika ndani ya siku chache za kuacha. Matokeo yake, vikombe vile vile ulivyovizoea sasa vinaweza kuacha kafeini mara mbili kwenye damu yako. Unakesha, mikono inatetemeka, roho haitulii, na wewe unaamini kabisa kuwa ni sigara imekosekana. Punguza kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa nusu kuanzia siku unayoacha, na baada ya saa sita mchana usiviguse. Ni jambo dogo lakini limewaokoa watu.

Ini hilo hilo hushughulikia pia dawa. Ukiwa unatumia klozapini, olanzapini au theofilini, kiwango chake kinaweza kupanda ukiacha kuvuta, na mwenye kisukari anayechoma insulini anaweza kuona sukari yake ikibadilika. Mwambie daktari kabla ya kuacha, asije akashangaa baadaye. Si sababu ya kuendelea kuvuta; ni kipimo cha dawa tu kinachorekebishwa.

Nimeacha, na mwili umeharibika zaidi

Kikohozi kinachoongezeka wiki za kwanza huwatisha watu mpaka wanavuta ili kitulie. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vya kusukuma makohozi nje, na moshi ulikuwa umevilemaza. Vinapoanza kazi tena, uchafu unapanda. Kunywa maji, kiache kitoe. Kikidumu zaidi ya wiki kadhaa, au ukiona damu kwenye makohozi, au kifua kikauma, nenda hospitali. Hapo usijifariji na maelezo haya.

Vidonda vya mdomoni hutokea, hupona vyenyewe. Choo kigumu nacho ni kawaida, kwa sababu nikotini ilikuwa inachochea utumbo: maji, matunda, mboga, kutembea.

Unene ni kweli, na anayekuambia hautanenepa anakupumbaza. Wastani ni kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, wengine hawaongezeki kabisa na wengine hupita hapo. Nikotini ilikuwa inakata hamu ya kula na kuharakisha kidogo matumizi ya nguvu mwilini. Ushauri wangu ni kutoanza kujinyima chakula mwezi ule ule unaoacha sigara. Njaa na arosto vikikushika pamoja, kitakachoshinda ni pakiti. Kilo zinaweza kushughulikiwa baadaye. Moyo nao unapata faida mapema: baada ya mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imeshuka kwa karibu nusu, kilo zikiwepo.

Mwili umetulia, lakini mkono unaitafuta

Hii ndiyo ya wiki ya tatu na kuendelea. Arosto imeisha, unalala, hasira zimepungua. Halafu unamaliza kula, unasukuma sahani, na mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Mfuko ni mtupu. Kwa nusu dakika hujui ufanye nini na vidole vyako.

Kuongeza dawa hapa hakusaidii sana. Ubongo umefunga sigara na mambo mengine kwa miaka: kula, simu, kahawa, kuwasha gari, kutoka nje ya ofisi na mwenzako yule yule. Mvutaji wa sigara 20 kwa siku hupeleka mkono mdomoni zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka, ukihesabu pafu 10 tu kwa kila sigara. Zoezi la namna hiyo halifutiki kwa kiapo.

Linafutika kwa kuvunja mpangilio. Hamu moja, ukiiacha bila kuibishia, hudumu dakika chache tu kisha hushuka. Kazi yako ni kuwa mahali pengine ukifanya kitu kingine kwa dakika hizo. Ukimaliza kula, inuka mezani kabla ya sahani kuondolewa, upige mswaki. Kama sigara ya asubuhi ilikwenda na kahawa barazani, kahawa inywewe jikoni umesimama, kwa mwezi mzima. Simu ndefu zipigwe ukitembea. Gari lisafishwe mpaka harufu itoke na kiberiti kitolewe. Nyumbani kusibaki hata sigara moja ya "akiba", kwa sababu sigara ya akiba ina mtu anayeijua ilipo saa sita usiku.

Kwa wiki mbili kabla ya kuacha, andika kila sigara: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini. Utagundua kwamba nyingi hukuzitaka. Zile chache ulizozitaka kwa dhati ndizo za kuandalia mpango, moja moja.

Pombe iwekwe peke yake. Inalegeza azimio, na kwa wengi glasi na sigara ni ndugu wa tumbo moja. Wiki za kwanza, kaa mbali na meza hiyo. Anayesema "mimi nikinywa sivuti" wiki ya pili ya kuacha, mwache aseme.

Napunguza, napunguza, sifiki sifuri

Umetoka ishirini hadi tano, na kwenye tano umekwama. Mara nyingi sababu ni kwamba hizo tano sasa zinavutwa kwa nguvu zaidi: pafu refu, moshi unashikiliwa ndani, mpaka kwenye kichungi. Mwili unajilipa. Ndivyo zilivyo hata sigara zinazoitwa nyepesi. Vitundu vya kichungini hudanganya mashine ya kupimia, lakini mvutaji huviziba kwa vidole au huvuta kwa nguvu zaidi.

Kuna na jambo la kusikitisha zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la BMJ ulionyesha kuwa mtu wa sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mtu wa ishirini. Kwa upande wa moyo, kwa hiyo, kukaa kwenye sigara chache si ushindi.

Panga siku ya kuacha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 uligawa wavutaji karibu 700: wengine wapunguze kwa wiki mbili kisha waache, wengine waache kwa mara moja siku iliyopangwa, wote wakipewa nikotini mbadala na ushauri. Baada ya wiki 4, waliokata mara moja walikuwa hawavuti kwa asilimia 49, na waliopunguza asilimia 39. Kupunguza kunafaa kama kuna tarehe mwishoni mwake na plasta mkononi. Bila tarehe kunakuwa kuvuta kwa jina jingine. Na usihamie kwenye shisha. Maji hayachuji sumu, na kikao kimoja kinakupa moshi mwingi kuliko sigara moja. Sigara za kielektroniki zimewasaidia baadhi ya watu kuacha, lakini anayevuta hiyo ofisini na sigara nyumbani hajaacha chochote.

Nina hasira na huzuni, sigara ndiyo iliyonituliza

Ilituliza arosto iliyosababishwa na sigara iliyotangulia. Mkusanyo wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioacha, baada ya wiki kadhaa na kuendelea, wana wasiwasi, huzuni na msongo pungufu kuliko walioendelea kuvuta. Lakini wiki mbili za kwanza ni chungu, na watu wa nyumbani waambiwe mapema: "Nitakuwa mkali, nivumilieni." Huzuni ikizidi wiki hizo, au ukaanza kufikiria kujidhuru, hiyo si ya kuvumilia, mtafute daktari au mtu wa karibu siku hiyo hiyo. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili asinyimwe dawa za kuacha sigara kwa hofu tu: jaribio la mwaka 2016 lililohusisha watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na historia hiyo, halikuona ongezeko la maana la madhara makubwa ya akili kutokana na varenikilini au bupropioni.

Miezi imepita, nikaomba pafu moja

"Nipe pafu moja."
"Si ulisema umeacha?"
"Nimeacha. Naonja tu."

Anayeonja huwa haumwi arosto wala hana msongo. Ana furaha, amezungukwa na watu, na anajiamini. Hapo ndipo hatari ilipo: kwa kuwa ameweza miezi minane, anaona ataweza kuvuta moja na kuiacha. Njia zile za ubongo bado zipo, na nikotini inazifahamu. Kwa wengi hiyo moja haileti ya pili usiku huo. Inaileta Jumamosi inayofuata, halafu Jumatano, na siku wanayonunua pakiti wala hawaikumbuki. Kanuni ya watu waliodumu ni fupi: hata pafu moja. Jibu liandaliwe kabla ya sherehe, liwe fupi vile vile, "Hapana, sivuti," bila maelezo, maana maelezo hufungua mjadala.

Ukishavuta, kosa la sigara moja si sawa na kurudi. Usiseme "basi, nimalize pakiti, Jumatatu naanza upya." Zilizobaki zivunje, zilowanishe maji, zitupwe. Toka mahali hapo. Andika saa, nani alikuwepo, ulikuwa umekunywa nini, na nani alikupa. Kama bado uko kwenye matibabu, usikatishe kwa sababu umeteleza: plasta ibaki ilipo, vidonge vimezwe kwa saa zake, na kliniki waambiwe ukweli. Kama ulishamaliza dozi na sasa umevuta siku tatu mfululizo, omba kuanzishiwa tena, na uombe kipimo kinacholingana na unavyovuta leo. Wengi walioacha kabisa hawakufaulu safari ya kwanza, na wahudumu wanalijua hilo, kwa hiyo usikae nyumbani wiki mbili kwa aibu huku idadi ikipanda.